Ushirika wa Madhabahuni na Ushirika wa Mwaloni

Mahubiri kwa Sikukuu ya Mavuno
Masomo: Luka 5:1-11, Yohana 6:1-13, Yohana 21:1-14





Sikukuu ya Mavuno haiko mbali. Siku hiyo wakulima wetu wataleta mahindi, mihogo, viazi vitamu na mikungu ya ndizi, na mbele ya madhabahu patapendeza. Lakini parishi yetu iko kandokando ya Ziwa Victoria, na nyumba nyingi za Wakristo wetu hazili kwa jembe bali kwa wavu. Je, mvuvi ataleta nini? Shamba lake halina mpaka. Huvuna usiku watu wengine wakiwa wamelala, na mavuno yake yasipotunzwa huharibika kabla jua halijatua. Lakini ni mavuno kweli, na aliyeyaotesha mahindi ndiye huyo huyo aliyewaumba dagaa, sato na sangara.

Basi leo twataka kuyatazama mavuno ya ziwa kwa nuru ya Injili. Tumechagua masomo matatu, yote ya ufukoni. Twawaomba myasome nyumbani, baba, mama na watoto pamoja, kisha mrudi kwenye maneno haya.

BWANA WETU ALIWAJUA WAVUVI

Bahari ya Galilaya, ijapokuwa yaitwa bahari, ni ziwa dogo la maji baridi. Urefu wake ni kilometa 21 hivi, na upana wake kilometa 13. Ziwa letu lina eneo la kilometa za mraba zipatazo 68,800. Lile la Galilaya lingeweza kuingia ndani yake zaidi ya mara 400. Lakini mvuvi wa kule angefika kwetu leo, asingehitaji mkalimani wa kumweleza kazi. Angeona nyavu zinaoshwa na kushonwa asubuhi, angewaona watu waliokesha bure, naye angejua mara moja yuko wapi.

Injili zatuonyesha mambo mengi ya kazi ile. Zebedayo alikuwa na chombo, na ndani yake walikuwamo wanawe pamoja na watu wa mshahara (Marko 1:20). Kapernaumu, mji wa wavuvi, palikuwa na mahali pa kutoza ushuru, na hapo ndipo Mathayo alipoitwa (Mathayo 9:9). Tena, kandokando ya ziwa lile palikuwa na mji ambao Wayunani waliuita Tarikea, jina lililotokana na kazi ya kuwatia samaki chumvi. Wataalamu wengi huamini kwamba mji huo ndio Magdala, kwao Mariamu Magdalene. Maana yake ni hii: samaki wa Galilaya hawakuliwa wote pale pale. Walitiwa chumvi, wakakaushwa, wakapelekwa mbali. Hata wakati ule kazi ya uvuvi haikuishia mtumbwini. Palikuwa na mwenye chombo na kibarua, mwenye kutia chumvi na mchuuzi, na mtoza ushuru juu yao wote. Kila mkono uliomgusa samaki ulichukua sehemu yake, na mara nyingi aliyekesha majini ndiye aliyebakiwa na kidogo.

Hao ndio watu ambao Bwana wetu aliwachagua wawe mitume wake. Alipanda chomboni mwao, akala samaki wao, akafundisha akiwa ameketi juu ya mbao zao zilizolowa maji. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba habari za mwalo, bei ya ndoo ya dagaa na deni la mafuta si habari za kanisani. Ni habari za kanisani tangu siku ya kwanza.

KINACHOPOTEA BAADA YA KUVULIWA

Katika Yohana sura ya 6 twasoma habari za mtoto aliyekuwa na mikate mitano ya shayiri na samaki wawili. Neno ambalo Yohana alilitumia kwa samaki hao, katika Kiyunani, si neno la kawaida la samaki. Ni neno lenye maana ya samaki wadogo wa kitoweo, wa kuliwa pamoja na mkate, na pengine walikuwa wamekwisha kukaushwa au kutiwa chumvi. Sisi wa ziwani twaweza kuwawazia vizuri, maana ni kama dagaa na ugali. Ndicho chakula ambacho Bwana alikitwaa mikononi mwake, akashukuru, akawalisha watu elfu tano.

Lakini tusikomee hapo. Watu walipokwisha kushiba, Bwana aliwaagiza wanafunzi wayakusanye mabaki, pasipotee chochote. Lilikuwa agizo la ajabu. Yule aliyeweza kuwalisha maelfu kwa chakula cha mtoto mmoja hakuwa na haja ya vipande. Angeweza kusema, acheni, kesho nitafanya tena. Hakusema hivyo. Muujiza haukuwapa ruhusa ya kupoteza. Vikajazwa vikapu kumi na viwili.

Ndugu, jambo hili latugusa sana. Tukikutana mwaloni twalalamika kwamba samaki wamepungua, na kweli wako waliopungua. Lakini ni mara ngapi twajiuliza kuhusu samaki waliokwisha kuvuliwa, kisha wakapotea mikononi mwetu? Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, limekadiria kwamba karibu asilimia 35 ya mavuno ya samaki duniani hupotea au hutupwa kila mwaka. Hasara hiyo hutokea katika hatua zote, tangu chomboni mpaka mezani. Kwetu sehemu yake kubwa huonekana kwa macho: iko mchangani.

Dagaa ndio sehemu kubwa ya uzito wa samaki wanaovuliwa katika Ziwa Victoria siku hizi. Ndio kitoweo cha maskini, ndio biashara ya akina mama wengi. Huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Asubuhi humwagwa mchangani vikauke. Jua likiwaka vizuri hukauka. Lakini hukauka pamoja na mchanga, pamoja na vinyesi vya ndege, na pamoja na nyayo za mbuzi na watoto. Wakipelekwa sokoni Kirumba, Mwanza, ambako hufika wanunuzi wa kutoka Kongo, Rwanda, Burundi na Kenya, mnunuzi haulizi wamekaushwa na Mkristo wa parishi gani. Huchota kidogo kiganjani, hunusa, hutafuna. Akisikia mchanga menoni, bei hushuka, na dagaa ambao wangekuwa chakula cha watu huuzwa wawe chakula cha kuku.

Mvua ikinyesha, habari huwa mbaya zaidi. Tuchukue mfano. Mama amenunua ndoo 10 za dagaa wabichi kwa mkopo. Amewaanika mchangani. Saa nane mchana mawingu yamekusanyika, na kabla hajapata pa kuwaweka mvua imenyesha. Ndoo 3 zimeoza. Deni lake halikuoza. Bado ni la ndoo 10. Sasa ndoo 7 hazina budi kulipa deni la 10, na zimlishe yeye na watoto, na zitoe karo. Haziwezi. Kwa hiyo wiki ijayo atakopa tena ili alipe la kwanza, na hivyo hivyo mpaka msimu wa mvua umalizike. Watu husema mama huyu hana bahati. Si bahati. Alichokosa ni chanja.

Chanja si kitu kikubwa. Ni miti ya kusimamisha, fito za kulaza juu yake, na wavu wa matundu madogo uliotandazwa kwa kimo cha kiuno. Hewa hupita juu na chini, kwa hiyo dagaa hukauka upesi na pande zote. Mbuzi hawawakanyagi, wala mchanga hauwagusi. Mvua ikija, turubai hufunikwa juu mara moja, wala hakuna haja ya kuwakwangua dagaa chini huku wakilowa. Wakisafishwa kwa maji safi kabla ya kuanikwa, huwa bora zaidi. Na siku zisizo na jua, wako wanaowatia dagaa chumvi, wanaowabanika kwa moshi na wanaowakaanga.

Majirani zetu wa Burundi, kandokando ya Ziwa Tanganyika, walilijaribu jambo hili. Kuanzia mwaka 2004 FAO liliwasaidia watu wa pwani ile kuacha kuwaanika ndagala mchangani na kutumia vichanja. Hasara ilipungua, muda wa kukausha ukawa mfupi, na wengine waliokuwa hawamo katika mradi wakaiga wenyewe baada ya kuona. Bei ya ndagala wakavu ilipanda zaidi ya maradufu kati ya 2004 na 2013. Hatusemi yote yalitokana na chanja, maana bei za vitu vingine nazo zilipanda. Lakini mnunuzi mwenyewe alijua tofauti ya samaki safi na samaki wa mchangani, akakubali kuilipia.

Agizo la kukusanya vipande, basi, latufikia sisi kwa njia ya fito na wavu. Anayeinua dagaa kutoka mchangani analitii neno la Bwana kama vile mitume walivyolitii walipoinama na vikapu vyao nyikani.

SAMAKI WALIOHESABIWA

Katika Yohana sura ya 21, baada ya kufufuka kwake, Bwana aliwatokea wanafunzi saba ufukoni. Walikuwa wamekesha bila kupata kitu. Kwa neno lake wakatupa wavu, ukajaa. Yohana asema samaki wakubwa walikuwa 153. Watu wa zamani walitafuta maana nyingi za siri katika hesabu hii. Sisi twaona kwanza jambo la wazi: mtu aliwahesabu. Bwana Mfufuka alikuwa amesimama pale, moto wa makaa unawaka, chakula ki tayari, na hata hivyo wavuvi walihesabu samaki wao. Wala Bwana hakuwakemea.

Wazee wetu wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mvuvi mwingine ukimwuliza giza hili amepata kiasi gani, atakujibu amepata kidogo, au amepata vizuri. Mafuta yalikuwa lita ngapi? Hajui vizuri. Ameshachukua kiasi gani kwa tajiri? Tajiri ndiye anayejua. Hapo ndipo mtu hufungwa bila kamba. Anayeshika daftari peke yake ndiye anayeshika pia bei. Mvuvi aliyekopeshwa nyavu au mashine kwa masharti ya kumwuzia mkopeshaji peke yake, hana soko, ana bwana.

Twasema haya bila chuki. Wenye mitumbwi wengi ni watu wema, nao wana hatari zao: nyavu huibiwa, mashine huzama. Wako wanaowasaidia wavuvi wao wakiugua. Lakini Neno la Mungu halipindwi kwa ajili ya mtu yeyote. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 25 Mungu alikataza kuwa na mawe mawili ya kupimia, moja kubwa na moja dogo. Mwaloni jiwe hilo huwa ni ndoo iliyopanuliwa kwa moto ili ichukue zaidi, au mizani iliyolegezwa. Naye Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, asema kwamba ujira uliozuiliwa hulia wenyewe, na kilio hicho hufika masikioni mwa Bwana. Tajiri aketiye benchi la mbele siku ya Jumapili, na kijana wake wa mtumbwini aliyesimama nyuma karibu na mlango, wote wawili watanyosha mikono yao kupokea mkate mmoja. Yafaa kabla ya hapo hesabu zao ziwe zimepatana.

WASHIRIKA

Sasa twafika katika neno ambalo kwalo tumeyapa mahubiri haya jina. Luka asema kwamba samaki walipokuwa wengi hata nyavu zikaanza kukatika, Simoni na wenzake waliwapungia mikono washirika wao katika chombo cha pili, waje kuwasaidia. Akaendelea kusema kwamba Yakobo na Yohana walikuwa washirika wa Simoni. Neno la Kiyunani lililotumika hapo la pili ni ndugu wa neno lile ambalo baadaye Kanisa lililitumia kwa ushirika wa Roho Mtakatifu, na kwa ushirika wa mwili na damu ya Kristo. Lugha yetu ya Kiswahili imelihifadhi jambo hili vizuri kuliko lugha nyingi. Twasema Ushirika Mtakatifu, nasi twasema chama cha ushirika. Neno ni moja.

Kabla ya kuwa washirika katika mwili wa Kristo, mitume wale walikuwa washirika katika wavu. Tena tazameni: Simoni angeweza kunyamaza. Angeweza kuwaacha wenzake wasijue, ili samaki wote wawe wake. Lakini kama angenyamaza wavu ungekatika, naye angepoteza wote. Kwa kugawana, vyombo vyote viwili vilijaa. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Watu wa kanda hii ya Ziwa hawana haja ya kufundishwa ushirika kutoka mbali. Katika miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma, wakiwa wamechoshwa na mizani ya udanganyifu, waliungana wakiongozwa na Paul Bomani na wenzake. Mwaka 1955 vyama vyao viliunganika kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, ambacho kilikuwa chama chenye nguvu sana katika nchi. Walianza na nini? Walianza kwa kutaka pamba yao ipimwe kwa haki. Twajua pia kwamba baadaye mambo yaliharibika. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na Serikali mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na wizi na uongozi mbaya uliwavunja moyo wanachama wengi. Kwa hiyo mtu akisikia neno chama hutikisa kichwa, akasema amekwisha kuliwa mara moja.

Twawajibu hao kwa upole. Chama kilichoibiwa hakituonyeshi kwamba ushirika ni mbaya, kama vile Yuda hakutuonyeshi kwamba utume ni mbaya. Kinatuonyesha kwamba mfuko wa watu wengi hauwezi kushikwa na mtu mmoja gizani. Chama kianze kidogo, cha watu wanaojuana. Hesabu zisomwe mbele ya wote kila mwezi. Sanduku liwe na funguo zaidi ya moja, kila moja kwa mtu wake. Viongozi wabadilishwe. Vikundi vya kuweka na kukopa ambavyo akina mama wengi wanavyo tayari ni mwanzo mzuri kabisa.

Wavuvi kumi wakinunua taa za sola pamoja, huepukana na gharama ya mafuta ya karabai inayokula mapato ya kila giza. Akina mama ishirini wakijenga vichanja pamoja na kukodi gari moja, huweza kuwapeleka dagaa wao Kirumba wenyewe, wala hawamngoji mtu aje kuwapangia bei mlangoni. Mtu mmoja mwenye magunia mawili huambiwa bei. Watu ishirini wenye magunia arobaini safi huulizwa bei. Huo ndio ushindani wa sokoni ambao mvuvi mdogo anaweza kuushinda: si kwa kuwa mkubwa, bali kwa kuwa pamoja na kuwa safi.

Tena tuseme neno juu ya dada na mama zetu. FAO na wenzake, katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2023, walieleza kwamba uvuvi mdogo hutoa karibu asilimia 40 ya samaki wanaovuliwa duniani, na kwamba kati ya kila watu 10 waliomo katika kazi hiyo, 4 ni wanawake. Lakini kuna mialo kandokando ya Ziwa hili ambako mwanamke hauziwi samaki kwa fedha tu. Hutakiwa autoe na mwili wake. Upande wa Kenya desturi hiyo huitwa jaboya. Imevunja ndoa, imeeneza UKIMWI, imeacha yatima. Mkristo hawezi kuinyamazia eti kwa sababu ni mambo ya usiku. Karibu na Kisumu, katika mwalo wa Nduru, wanawake waliikataa kwa njia ya ujasiri: katika miaka ya 2010 walianza kumiliki mitumbwi yao wenyewe na kuwaajiri wanaume wavue. Mafuriko ya mwaka 2020 yaliwarudisha nyuma sana. Hata hivyo walikwisha kuonyesha kwamba mama mwenye mtumbwi hana haja ya kumbembeleza mtu. Chama chetu chochote kitakachoanzishwa mwaloni na kuwaweka wanawake nje, au kuwapa kazi ya kupika chai tu, hakitastahili jina la ushirika.

WAVU USIKATIKE

Yohana atuambia kwamba, ijapokuwa samaki walikuwa wengi hivyo, wavu haukukatika. Ziwa letu nalo ni wavu mmoja ulioshikwa na watu wa Tanzania, Uganda na Kenya. Mmoja akikata uzi upande wake, samaki hutoroka pande zote.

Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya habari za watu waliovua kwa sumu. Waliotia sumu majini hawakuwa wengi. Lakini viwanda vilisimama, bei ya sangara ikaanguka, na mvuvi mwaminifu ambaye hajawahi kugusa sumu maishani mwake alilala njaa pamoja na wengine. Dhambi ya mtu mmoja mwaloni si siri yake peke yake.

Ndivyo ilivyo pia kwa kokoro na nyavu za matundu madogo zinazokokota mazalia. Sheria ya nchi yetu yakataza kuvua sangara aliye chini ya sentimeta 50, na sato aliye chini ya sentimeta 25. Watu wengine huona ni sheria ya kuwaonea maskini. Lakini ukweli wake ni rahisi: samaki apate nafasi ya kuzaa kabla ya kuliwa. Kumbukumbu la Torati sura ya 22 yamruhusu mtu kuchukua makinda katika kiota, ila mama yao amwache aende zake. Mungu alimpa mtu ruhusa ya kula, lakini hakumpa ruhusa ya kuikata chemchemi. Wazee wanakumbuka jinsi furu walivyokuwa wa aina nyingi, kabla sangara aliyeletwa ziwani katika miaka ya 1950 hajaongezeka kupita kiasi katika miaka ya 1980. Aina nyingi za furu hazionekani tena. Kiumbe kilichokwisha hakirudi kwa fedha.

Twajua kuna baba ambaye hana wavu mwingine ila kokoro, na watoto wake hula kwa kokoro hilo. Kumwambia aache, kisha tukaenda zetu, ni kumtwika mzigo bila kuugusa kwa kidole. Ndiyo maana ushirika huja kwanza. Chama kimkopeshe wavu wa halali, naye alipe polepole. Kisha wote wavisaidie vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, vile tuviitavyo BMU, ambavyo vipo mialoni mwetu kwa ajili ya ulinzi huo. Mkristo aliyechaguliwa katika BMU akumbuke kwamba rushwa ya kokoro moja ni chakula alichokipora kwa wajukuu wake.

TUFANYE NINI?

Alexander Mackay, mmishonari wa CMS aliyekufa Usambiro, kusini mwa Ziwa hili, mwaka 1890, alikuwa mhandisi. Alihubiri Injili na alishika nyundo. Alichapa vitabu na kutengeneza vyombo. Hakuona kwamba kazi moja inamwondolea nyingine. Sisi tulioipokea Injili kandokando ya Ziwa hili tusione haya kuzungumza habari za fito na turubai katika gazeti la parishi.

Basi twaleta mashauri machache. Kila mtaa ulio karibu na mwalo ujenge angalau chanja kimoja cha mfano kabla mvua hazijaanza, kwa mikono ya vijana na fito za wakristo wenyewe. Akina mama wa Umoja wao wawe wa kwanza kukitumia, ili watu waone kwa macho na kupima kwa mizani. Darasa la kusoma na kuandika lifundishe pia daftari la mapato na matumizi. Wenye mitumbwi waliomo kanisani wakutane na wavuvi wao, wasomeane hesabu waziwazi, na kila anayekwenda majini apewe jaketi okozi, maana wajane wa ziwani tunao wa kutosha. Naye afisa uvuvi wa wilaya aalikwe aje afundishe, nasi tumpokee kama mgeni wa kanisa.

Na sasa mvuvi anajua ataleta nini Sikukuu ya Mavuno. Alete kifurushi cha dagaa waliokaushwa juu ya chanja, safi, bila punje ya mchanga. Hao hawataoza kabla ya wimbo wa mwisho. Alete daftari lake liombewe. Alete, kama Mungu amemgusa moyo, kokoro alilolitoa majini kwa hiari yake. Avilete karibu na mahindi na ndizi za jirani yake. Kisha wote wapige magoti pamoja, mwenye mtumbwi na kibarua, mchuuzi na mkulima, wapokee Ushirika Mtakatifu. Na Jumatatu asubuhi washirika hao wakutane mwaloni wakiwa wangali washirika.

Tuombe.

Ee Bwana Yesu, uliyewaandalia wavuvi waliochoka moto wa makaa na chakula cha asubuhi, uwatazame ndugu zetu walioko majini usiku huu. Uwalinde na dhoruba na wezi. Uwape akina mama wa mwaloni heshima na soko la haki. Uwape wenye mali moyo wa kupima kwa haki, na maskini moyo wa kutokata tamaa. Utufundishe kuvikusanya vipande, kulitunza ziwa lako, na kuwa washirika katika wavu kama tulivyo washirika katika mkate. Kwa jina lako twaomba. Amina.